Kuandaa Sikukuu ya Uhuru kijijini na mtaani: mwongozo kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini

Kila ifikapo Desemba 9, macho ya nchi nzima huelekea kwenye uwanja mmoja wenye gwaride, mizinga 21, halaiki na hotuba ya Rais. Sisi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe hutazama kwenye televisheni kama mvua haijakata umeme, kisha tunashika jembe na kwenda shamba, maana Desemba kwetu ni msimu wa mahindi. Watoto wako nyumbani, shule zimefungwa, na wengi wao hawajui kama siku hiyo inawahusu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa, mwalimu, kiongozi wa kikundi cha vijana au cha akina mama, au mtu yeyote anayetaka siku hiyo iadhimishwe palepale alipo, kwa historia ya hapo, na wazee wa hapo wakiwa mbele. Nasisitiza wazee kwa sababu muda unatubana. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 usiku ule wa mwaka 1961 sasa anakaribia miaka 80 au ameshaivuka. Kila msiba unaotangazwa kanisani na msikitini unaondoka na sehemu ya habari hii.

Hatua ya kwanza: anzeni mara baada ya Oktoba 14

Oktoba 14 ni Siku ya Nyerere, na watu huwa wanamzungumza Mwalimu wenyewe bila kuhimizwa. Tumieni mkutano wa mtaa au wa kijiji wa mwezi huo kulileta wazo. Chagueni kamati ndogo ya watu watano au sita. Kubwa kuliko hapo hugeuka kuwa vikao vya chai. Hakikisheni kuna kijana anayejua kurekodi kwa simu, mama anayejua kupika kwa hesabu, mwalimu, na mzee mmoja mwenye kuheshimiwa na wazee wenzake.

Mpeni taarifa mwenyekiti na mtendaji mapema, kwa barua, hata kama ni jirani mnayekutana naye kisimani. Mtendaji ndiye atakayewaeleza taarifa ya polisi inatolewaje kwa mkusanyiko wa watu, na kama vipaza sauti vinahitaji kibali. Msiliache hilo hadi wiki ya mwisho.

Hatua ya pili: jueni mnaadhimisha nini

Waulizeni watu kumi barabarani, na mtasikia majibu matano tofauti. Kwa hiyo kamati nzima ikae chini iweke tarehe sawa kabla haijamfundisha mtu mwingine.

Nchi iliyopata uhuru Desemba 9, 1961 ni Tanganyika. Zanzibar ilipata uhuru wake Desemba 10, 1963, ikafanya Mapinduzi Januari 12, 1964, na nchi hizo mbili zikaungana Aprili 26, 1964. Mwaka 1961 nchi ilikuwa huru lakini Malkia wa Uingereza alibaki kuwa mkuu wa dola, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, na Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka mmoja kamili baadaye, Desemba 9, 1962, Tanganyika ikawa Jamhuri na Nyerere akawa Rais wake wa kwanza. Ndiyo maana mabango mengi huandika Uhuru na Jamhuri kwa pamoja. Siku moja imebeba mambo mawili.

Njia ya kufika hapo nayo ielezwe kwa ufupi. Wajerumani waliitawala nchi hii hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, kisha Uingereza ikakabidhiwa na Umoja wa Mataifa wa wakati ule iisimamie, na baada ya Vita ya Pili ikaendelea chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa wa sasa. Hilo lina uzito wake, kwa kuwa liliifanya Tanganyika kuwa nchi ya kulelewa hadi ijitawale, na Nyerere alikwenda New York mwaka 1955 kuwakumbusha hivyo. TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru, ilizaliwa Julai 7, 1954. Mwaka 1958 ilifanya mkutano Tabora na kukubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi waliona ni kujidhalilisha, lakini TANU iliingia na ikashinda. Agosti 1960 ikapata viti 70 kati ya 71. Mei 1, 1961 ikaja serikali ya madaraka ya ndani, na Desemba uhuru wenyewe.

Usiku wa Desemba 8 kuamkia 9 usimulieni taratibu, maana watoto huupenda. Dar es Salaam, uwanjani, mume wa Malkia, Philip, akiwa mgeni mwakilishi, taa zilizimwa saa sita usiku na bendera ya Uingereza ikateremshwa gizani. Taa zilipowashwa, bendera ya Tanganyika ilikuwa juu. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro na bendera na mwenge, na kilele kile kilichokuwa na jina la mfalme wa Ujerumani kikaitwa Uhuru. Mwenge ule ulitimiza maneno ambayo Nyerere aliyasema mwaka 1959 kwenye Baraza la Kutunga Sheria, kwamba tutauwasha na kuuweka juu ya mlima umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pasipo na tumaini, upendo penye chuki, na heshima palipojaa dharau.

Hatua ya tatu: leteni historia ya hapa

Hapa ndipo sherehe nyingi za mikoani hupwaya. Msemaji anasimama, anataja Dar es Salaam, Butiama na Kilimanjaro, anaketi. Mtoto wa Mufindi au Rungwe anabaki na picha kwamba uhuru ulitengenezwa mbali ukaletwa kwao kwa lori. Si kweli, na kuna ushahidi wa kutosha chini ya miguu yetu.

Walio karibu na Iringa waanze na Lugalo, pembeni mwa barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Hapo, Agosti 17, 1891, jeshi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliuvizia msafara wa Wajerumani, na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa pamoja na wengi wa askari wake. Wajerumani walirudi mwaka 1894 na mizinga wakaibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa akapigana msituni kwa miaka minne zaidi, hadi mwaka 1898 alipojiua Mlambalasi asikamatwe akiwa hai. Walikata kichwa chake wakakipeleka Ujerumani. Mkataba wa Versailles, ule uliofunga Vita ya Kwanza ya Dunia, ulikuwa na kifungu cha kudai fuvu hilo lirudishwe, lakini lilirudi mwaka 1954, likiletwa na Gavana Edward Twining na kukabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Angalieni mwaka: 1954, mwaka uleule TANU ilipozaliwa. Na mwaka 1962 Adam Sapi huyohuyo akawa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge la Tanganyika. Babu alikufa akikataa kutawaliwa, mjukuu akakalia kiti cha Bunge la nchi huru. Habari hii peke yake inatosha kumfanya mtoto akae kimya akisikiliza.

Mkiweza, kusanyeni nauli mpeleke vijana Kalenga kwenye makumbusho wiki moja kabla. Ni kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, na fuvu lipo, wataliona kwa macho yao. Walio mjini wasipite jengo la Boma bila kuingia. Limegeuzwa makumbusho na linaeleza maisha ya mkoa kwa vitu vinavyoonekana.

Upande wa Njombe na Songea simulieni Majimaji, 1905 hadi 1907. Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe mwaka 1905, na Songea Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni mwaka 1906, akiwemo Songea Mbano mwenyewe. Msifiche kwamba si kila kabila liliingia vita ile. Wahehe, waliokuwa wamekwisha kupigana vita vyao na kuumia, hawakujiunga. Vijana wakielezwa hivyo wanaelewa kwa nini TANU ilihubiri umoja kwa nguvu namna ile miaka hamsini baadaye.

Mbeya tuna hazina ambayo wengi hatuijui. Viwanja vya Nanenane pale Mbeya vinaitwa John Mwakangale, na kila Agosti maelfu huingia kuona ng'ombe na mbegu bila kuuliza huyo ni nani. Alikuwa mwanasiasa wa TANU wa huku kwetu na mbunge. Januari 1962, hata miezi miwili ya uhuru haijatimia, Nelson Mandela alitoroka Afrika Kusini kwa siri na ndege ndogo ikamshusha Mbeya. Mwenyeji aliyetarajiwa kumpokea alikuwa Mwakangale. Mandela alikuta barazani kwa hoteli weusi na weupe wamekaa pamoja wanaongea, na mgeni Mwafrika akimuuliza mama wa Kizungu wa mapokezi kama Mwakangale alikuwa amewaulizia wageni hao, kisha akimkumbusha kwa adabu awahudumie vizuri. Baadaye alieleza kwamba hapo ndipo alipojisikia mtu huru kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ni Mbeya hii yetu, ya ukungu na baridi. Kama kuna jambo moja mtakalolisimulia uwanjani Sokoine, Uyole au Mbalizi, liwe hili.

Kisha unganisheni na mwenge uliotakiwa kumulika nje ya mipaka. Mgagao, mkoani Iringa, ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ili Zambia isitegemee njia za makaburu na walowezi wa kusini, na inapita Makambako, Mbeya na Tunduma. Huenda mnafanya sherehe hatua chache tu kutoka kwenye mataruma yake.

Hatua ya nne: nendeni kwa wazee

Hii ndiyo kazi yenyewe, nyingine zote ni mapambo. Tengeni wiki tatu au nne za Novemba.

Andikeni majina ya wazee wote wa eneo lenu waliozaliwa kabla ya 1950. Msiwachague wanaojulikana tu, wale wanaoitwa kila sherehe. Akina bibi husahaulika sana, ingawa ndio waliopika kwenye mikutano ya TANU, waliouza pombe na kutoa senti za kadi, na waliobaki na mashamba wakati waume zao wako migodini. Ulizeni pia kwa Waasia wachache waliobaki mjini, na kwa familia za watu waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi: chai ya Mufindi, tumbaku ya Iringa.

Nendeni wawili, mmoja awe ndugu au mtu anayefahamika pale nyumbani. Siku ya kwanza msirekodi kitu. Ni siku ya kuamkia, shikamoo na kamwene, kupeleka kilo ya sukari na majani ya chai, kueleza mmekuja kwa ajili gani, na kuuliza ni lini afya yake na kazi zake zitaruhusu. Asubuhi baada ya uji ni wakati mzuri kuliko jioni, kwani mzee akishachoka hujibu kwa mkato ili muondoke. Kama anasema vizuri zaidi kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyiha, mwacheni aseme hivyo, na mmoja wenu aelewe lugha hiyo. Kumlazimisha bibi wa Busokelo asimulie ujana wake kwa Kiswahili ni kumnyang'anya nusu ya simulizi.

Ombeni ruhusa kabla ya kuwasha simu, na muulizeni kama anakubali sauti yake isikike mbele ya watu. Wengine watasema ndiyo kwa mambo fulani tu. Heshimuni hilo.

Maswali yasiwe ya mtihani. Ukimuuliza mzee, "Uhuru ulipatikana vipi?" atakujibu alichosikia redioni. Muulize alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini, nani alimwambia. Haya hapa yaliyo na mavuno:

– Kodi ya kichwa ililipwaje kwenu, na asiyekuwa nayo alifanywa nini?
– Nani katika ukoo alikwenda manamba kwenye mkonge, au Wenela (shirika lililoajiri vibarua) kwenye migodi ya Afrika Kusini? Alirudi na nini? Kuna ambaye hakurudi?
– Chifu wenu alikuwa upande gani? (Liulizwe kwa upole. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na kuna koo ambazo bado zina maumivu.)
– Kadi ya TANU uliiona kwa nani kwanza? Watu waliificha wapi?
– Usiku wa uhuru ulikuwa wapi? Mlikula nini? Mliimba nini? Mvua ilinyesha?
– Kesho yake kilibadilika nini, na kipi hakikubadilika?

Swali la mwisho ndilo bora kuliko yote. Kuna watakaosema mtoto wao alipata shule, na watakaosema Mzungu wa shamba aliondoka lakini kibarua kilibaki kilekile. Yote mawili yaandikwe. Sherehe inayoruhusu mzee kusema ukweli wake ina heshima zaidi kuliko inayompa karatasi ya kusoma.

Akinyamaza, nyamazeni naye. Msimkatize kusahihisha mwaka. Muulizeni kama ana kitu amekihifadhi: kadi ya chama, kipande cha kodi, picha, kanga, sahani ya migodini. Msikichukue, kipigeni picha palepale mkononi mwake.

Hatua ya tano: pimeni mlichosikia

Kumbukumbu za miaka sitini huchanganyika, na hilo si kosa la mzee. Anayesema aliiona bendera yenye buluu usiku wa uhuru anachanganya na ya Muungano, kwani ya Tanganyika ilikuwa kijani, dhahabu na nyeusi peke yake. Anayesema uhuru ulipokuja walihamishwa kijijini anazungumzia vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970. Azimio la Arusha la 1967 nalo huingizwa humo. Msimsahihishe mbele ya watu. Kwenye daftari lenu andikeni alivyosema, na pembeni mweke tarehe inayojulikana. Linganisheni wazee watatu au wanne wa eneo moja. Wanapokubaliana juu ya mkutano fulani wa TANU chini ya mti fulani, hapo mmepata kitu ambacho huenda hakijaandikwa popote.

Hatua ya sita: ratiba inayojua hali ya hewa yetu

Desemba mvua zetu hupenda mchana na alasiri, na kule Uporoto, Mufindi na Njombe asubuhi huwa na ukungu. Anzeni saa tatu asubuhi, malizeni saa saba. Mkichelewa mtamalizia chini ya turubai, na wazee watapigwa na baridi. Turubai liwe la wazee kwanza, wageni rasmi baadaye, na viti vyenye mgongo viwe vyao. Anayetoka mbali achukuliwe na bodaboda ya uhakika au gari la jirani.

Jioni ya Desemba 8 napendekeza jambo dogo ambalo halina gharama. Watoto wakusanyike kwenye nyumba moja au ukumbini saa mbili usiku, taa zizimwe, mtu mzima asimulie gizani habari ya uwanja na ya Kilimanjaro, kisha mzee mmoja awashe koroboi. Mtu mzima akae karibu na moto. Bendera isipandishwe usiku huo, muda wake ni asubuhi.

Siku yenyewe mpangilio uwe: bendera na wimbo wa taifa, sala fupi za dini zote zilizopo, maneno mafupi ya mwenyekiti, simulizi za wazee, ngoma, ngonjera za watoto, simulizi tena, chakula. Simulizi zigawanywe sehemu mbili, kwa kuwa watu hawasikilizi saa nzima mfululizo. Hotuba za viongozi zisizidi dakika kumi kila moja, na mshereheshaji aambiwe mapema awe jasiri kulisimamia hilo.

Wakati mwingine serikali hubadili namna ya kuadhimisha. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride na kuamuru siku iwe ya usafi, na mwaka 2022 Rais Samia alielekeza fedha za sherehe zijenge mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Tangazo la namna hiyo likitoka, sikilizeni maelekezo ya wilaya na mpange upya. Usafi wa asubuhi kisha wazee kusimulia kwenye baraza la ofisi ya kijiji ni maadhimisho kamili.

Hatua ya saba: bendera na wimbo

Kwa kawaida bendera hupandishwa saa kumi na mbili asubuhi na kuteremshwa saa kumi na mbili jioni. Isiguse ardhi, isiwe imechanika au kupauka. Angalieni upande kabla ya kuifunga kwenye kamba: pembetatu ya kijani hukaa juu, karibu na mlingoti, na buluu chini upande wa nje. Nimeona ikipandishwa kichwa chini mbele ya umati mzima na hakuna aliyethubutu kusema. Ipandisheni ya majaribio siku moja kabla. Wakati inapanda au kushuka, kila mtu asimame alipo, kama wazee wetu walivyokuwa wakisimama barabarani filimbi ya boma ikilia.

Wimbo wa taifa una beti mbili, na zote ziimbwe. Wazee wengine wanakumbuka ubeti wa pili ukiombewa Tanganyika, kwa kuwa ndivyo ulivyoimbwa mwaka 1961. Mwombeni mmoja auimbe hivyo peke yake baada ya simulizi yake. Umati utatulia wenyewe.

Hatua ya nane: ngoma na watoto

Ngoma iwe ya hapo. Ing'oma kwa Wanyakyusa, mganda na lizombe walipo Wangoni na majirani zao, na kadhalika. Kikundi kilipwe hata kidogo, na kiambiwe muda wake. Spika kubwa ya muziki wa baa ikae kimya hadi chakula kiishe.

Watoto wapewe ngonjera waitunge wenyewe kutokana na yale wazee waliyosema, mwalimu akisaidia vina na mizani. Mfano wa beti mbili, mtoto na babu:

Babu niambie kweli, Desemba tisa ni nini,
Bendera naona mbali, yapepea kilimani,
Ngoma zinalia kali, zarindima uwanjani,
Nijibu hili suali, nilihifadhi moyoni.

Sikia nakuambia, ya kale yalivyokuwa,
Kodi ilitulemea, kichwa kikahesabiwa,
Manamba tukatembea, mkongeni tukatiwa,
Tisa Desemba kungia, pingu zikafunguliwa.

Wakiiga tu hizi, mmewanyima kazi nzuri. Waambieni waweke jina la kijiji chenu, la mto wenu, la kazi aliyoifanya babu yao wa kweli.

Hatua ya tisa: chakula

Fupi, kwa kuwa akina mama wa huku hawahitaji kufundishwa. Kilo moja ya mchele hesabuni watu saba au wanane. Mchele wa Kyela, ndizi za Rungwe, viazi vya Njombe, maharage ya popote. Kila kaya ilete ilicho nacho badala ya kudaiwa fedha taslimu, kwani Desemba mifuko imekwenda kwenye mbolea na mbegu. Togwa iwepo kwa watoto na wazee. Ulanzi na kimpumu visubiri ratiba imalizike. Michango ya fedha, hata ya shilingi mia tano, isomwe hadharani pamoja na matumizi yake kabla watu hawajatawanyika.

Hatua ya kumi: hifadhini

Ndani ya wiki moja, kabla simu haijaibiwa au kujaa, hamisheni sauti zote sehemu mbili tofauti: kwenye kompyuta ya shule au ya ofisi ya kata, na kwenye flashi inayokaa kwa mtu wa kamati. Kila faili liandikwe jina la mzee, kijiji, lugha aliyotumia na tarehe ya kurekodiwa. Daftari lenye maelezo lipelekwe shule ya msingi, mwalimu wa historia alitumie.

Nakala ya kwanza kabisa iwe ya familia ya mzee mwenyewe. Ipelekeni nyumbani kwake, mfungulieni asikilize sauti yake akiwa na wajukuu, na muwe na daftari mkononi. Mara nyingi hapo ndipo anaposema, "Kuna jambo sikuwaambia siku ile."